Wingu la Leo si la Jana

Kijana mmoja ametuandikia akiuliza kama kuchora ni dhambi. Kila jioni, kazi ya shamba ikiisha, huchukua kipande cha karatasi ngumu na rangi zake, akaenda kuketi ukingoni mwa mto, akachora alionalo mpaka giza liingie. Picha hizo haziuzi. Baba yake asema kwamba anazipoteza saa alizopewa na Mungu. Je, ni nani mwenye haki?

Swali hili si dogo. Uvivu ni dhambi, na baba amwonyaye mwanawe hakosi. Kama jembe limelala na mama anateka maji peke yake, kijana na aziweke rangi chini, wajibu hutangulia. Lakini kazi ikiwa imekwisha, sisi twasema kwamba hapotezi kitu; tena huenda anajifunza jambo ambalo wengi wetu hatujalijua.

Tutwae mfano. John Constable, mwana wa mwenye vinu vya nafaka huko Suffolk, Uingereza, alihamia Hampstead, kilimani karibu na London, kwa ajili ya afya ya mkewe. Huko, katika miaka ya 1821 na 1822, alitoka nje mara kwa mara na karatasi ndogo na rangi za mafuta, akachora mbingu tu, makumi ya picha za mawingu. Nyuma ya nyingi aliandika tarehe, saa, na upepo ulikotoka. Ilimpasa kwenda upesi, maana wingu halimngojei mtu. Hakuzichora ili aziuze. Alikufa mwaka 1837, na mwaka 1888 binti yake Isabel alizitoa baadhi yake kwa makumbusho ya London.

Mtu aliyefanya kazi vinuni mwa baba yake alikwisha kuyajua mawingu. Angaliweza kuketi chumbani na kuyachora kwa kumbukumbu. Lakini achoraye kwa mazoea huchora mazoea yake, wala si wingu.

Hapo ndipo swali linapotugusa sote. Jirani alitukosea zamani. Siku ile tulimchora moyoni, na tangu hapo hatukutoka tena kumtazama. Mlevi ameacha pombe, nasi bado twamwita mlevi. Mke amenyamaza kwa uchungu, mumewe adhani ni kiburi kilekile. Nasi waandishi hatumo nje ya lawama: ni mara ngapi tumeandika habari za maskini tukiwa mezani, bila kufika mlangoni pao?

Mtu atasema: mwanadamu si wingu; ana tabia yake, na mwizi wa jana yafaa kumwangalia leo. Ni kweli, busara haikatazwi. Lakini kutazama tena si kusahau. Constable hakuzitupa picha za jana, aliziandikia tarehe. Nasi tukiziandikia tarehe hukumu zetu, tutakumbuka kwamba ni za siku ile tu.

Basi, kwa baba twasema kwa heshima: Mzee wetu, jioni moja nenda mtoni, ukae karibu na mwanao. Huenda picha yake uliyo nayo moyoni nayo ni ya zamani. Nawe kijana, mtazame baba yako kama uutazamavyo mto. Ukiiona mikono yake ilivyochoka, hutangoja kuitwa ndipo ushike jembe.

Kanisa limetufundisha kuitafiti dhamiri kila jioni. Hiyo nayo ni picha ndogo ya kila siku, isiyouzwa wala kuonyeshwa watu. Mwenyezi Mungu, anayetutazama kila asubuhi bila kuchoka, atujalie macho ya kuwatazama wenzetu vivyo hivyo.