Je, Yafaa Kumsaidia Mtu Pasipo Kumwuliza?

Neno la kusaidiana twalisikia kila siku, kanisani na barazani, na kila mtu hulisifu. Lakini liko swali tusilopenda kulipima: je, mtu akisaidiwa pasipo kuulizwa shauri lake, amesaidiwa kweli?

Wako wasemao, mwenye njaa haulizwi, hupewa chakula. Kwa siku ya njaa wasema kweli. Lakini kuyajenga maisha ya watu si kazi ya siku moja, wala mtu mzima si mtoto wa kulishwa sikuzote.

Na tuitazame habari ya karanga za Kongwa. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma wataalamu watatu Tanganyika, wakiongozwa na John Wakefield, walipime shauri la kulima karanga, ili Uingereza ipate mafuta na nchi hii nayo istawi. Katika hao watatu hakuwamo Mgogo hata mmoja. Mwaka 1947 kazi ilianza, na nia ilikuwa kulima zaidi ya eka milioni tatu, huko Kongwa na mahali pengine. Yakaletwa matrekta, wakaja mafundi wengi. Lakini mvua za Ugogo ni haba, na udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama tofali. Mambo hayo hayakuwa siri kwa wenyeji. Walikwisha kuonja njaa kuu iitwayo Mtunya, tangu 1917 hata 1920, nao walipanda uwele na mtama kwa kuwa waliijua nchi yao. Mwaka 1951 shauri lile likaachwa, na paundi kama milioni 36 zilikuwa zimepotea. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sisemi ya kuwa elimu haina kazi. Mganga ajua dawa, lakini mgonjwa ndiye ajuaye mahali panapouma. Bwana wetu alimwona Bartimayo ya kuwa ni kipofu. Hata hivyo alimwuliza kwanza alilotaka. Hakuuliza kwa kutojua, bali kwa kumheshimu.

Tena kuuliza peke yake hakutoshi. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, twasoma habari za wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani, jinsi walivyosahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwaongezea chakula tu, yakaisha. Waliwaagiza wanafunzi wote wachague watu saba wa kuusimamia mgawo. Yasome majina ya hao saba: yote ni ya Kiyunani. Yaelekea basi kazi ile ilitiwa mikononi mwa upande ule ule ulionung'unika.

Lakini tusiwalaumu wageni peke yao. Sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 1982 humhesabu kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi kuwa mmoja wa mkutano mkuu wa kijiji. Mjane yumo, asiyeona yumo, asiye na shamba yumo. Je, wao husema? Mara nyingi mahali pa kisima huamuliwa na watu wasiobeba ndoo, na yeye abebaye ndoo ameketi nyuma, amenyamaza. Tusikiapo ya kuwa kijiji kimekubali, yatupasa kuuliza: kijiji ni nani?

Basi, ninyi wazee wa kanisa na waalimu, kabla ya kulifunga shauri lolote, mwulizeni aliyeketi nyuma kabisa. Mkiisha kumsikia, mpeni na kazi: ashike daftari ya hesabu, au ufunguo wa sanduku. Najua shauri litakawia, na wakubwa watapungukiwa na sifa. Hiyo ni gharama, na ni haki kuilipa. Maana apewaye sehemu yake kila siku pasipo neno hubaki mgeni mezani. Bali aliyeshiriki kuupanga mgawo, huyo ni mtu wa nyumbani.