Kufaulu Bila Kuelewa, Ni Uongo?

Mtihani wa mwisho wa kalkulasi ya vigeu vingi ukikaribia, wanachuo hubukua madesa usiku kucha. Mbinu ya Lagrange, yule mwanahisabati wa karne ya 18, lazima itoke: kutafuta kilele ukiwa umewekewa mpaka. Basi mtu anakariri: weka lambda, linganisha miteremko, tatua. Sapu anaikwepa. Je, ametudanganya?

Wapo watakaosema hapana. Muda wake una mpaka, naye anasaka alama nyingi kadiri mpaka unavyoruhusu. Hilo nalo si ni swali la Lagrange?

Sawa, ila fikiria njia inayokatiza mlimani. Inapofika juu kabisa, kwa hatua hiyo moja haipandi wala haishuki. Lambda yote imezaliwa hapo. Anayeliona hilo, mgeuzie swali, atajikongoja mpaka afike. Aliyekariri atakwama.

Alama ni ahadi: nikabidhini kazi. Anayekariri hajasema uongo, ameahidi asichonacho. Na mhadhiri anayerudia swali lilelile kila mwaka ameitia saini ahadi hiyo pamoja naye.