Haki ya Gunia Moja Ndani ya Fungu

Katika programu zinazoongoza hatua za kazi za ofisi, kiolesura cha miamala, yaani mlango ambao programu moja hupitia kuiagiza nyingine, huruhusu maombi mengi kufungwa katika fungu moja, ambalo ama huthibitishwa lote, ama hurudishwa nyuma lote kana kwamba halikuletwa kamwe. Kanuni hiyo, ambayo Jim Gray aliifafanua mwaka 1981 akianzia kwenye sheria ya mikataba, inaamsha swali la kale: je, ni haki kosa la mmoja kuwaangusha wote waliofungwa naye?

Wakulima wa korosho wa Lulindi, wilayani Masasi, wanalijua swali hilo kwa njia nyingine. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/08, gunia hupimwa na kupangiwa daraja katika chama cha msingi, mwenyewe hupewa stakabadhi, kisha korosho zake huunganishwa na za wenzake na kupelekwa mnadani, ambako mnunuzi hushindania shehena bila kumjua mkulima. Mwenye magunia mawili asingesikika mnadani peke yake, na hiyo ndiyo hoja nzito ya kutetea fungu. Lakini Serikali ilipoamua, Novemba 2018, kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malipo yalitanguliwa na uhakiki uliolenga kuwabaini wafanyabiashara wa kangomba, yaani wanaonunua korosho vijijini nje ya ushirika kwa bei ya kutupa, na wakulima wengi wasio na hatia walisubiri fedha zao kwa miezi.

Hapo mantiki ya kompyuta huishiwa nguvu. Hifadhidata ikirudishwa nyuma hairithi jeraha lolote, ilhali ada ya shule iliyokosekana Januari haifutwi na malipo ya Machi.

Swali lenyewe ni la kale: Ibrahimu, anayeheshimiwa kanisani na msikitini huko Masasi, anasimuliwa katika Mwanzo 18 akiutetea mji wa Sodoma kwa ajili ya wenye haki hamsini, akishusha idadi hatua kwa hatua, naye akakomea kumi, ingawa hakuna aliyemkataza kuendelea. Mji haukunusurika, lakini Lutu, mwana wa ndugu yake Ibrahimu, alitolewa humo kabla ya hukumu. Simulizi hiyo, ikisomwa hivyo, haivunji fungu wala haimwachi mmoja apotelee ndani yake, na watunzi makini wa programu hufanya jambo la jinsi hiyo wanapoiwezesha kazi iliyokwama kuwekwa kando, na sababu yake kuandikwa, huku nyingine zikiendelea. Ghalani hilo linawezekana pale tu stakabadhi ya kila mkulima inapoweza kufuatiliwa hata baada ya korosho zake kuchanganywa, na hiyo si kazi ya mkulima, bali ya aliyepanga mipaka ya fungu.