Selo, Maji na Maiti: Swali la Ukombozi wa Sanaa katika Riwaya ya Vita

Aghalabu riwaya ya vita husifiwa kwa hoja kwamba sanaa humkomboa binadamu. Hoja hii haina budi kuulizwa: humkomboa nani, na kutokana na nini? The Cellist of Sarajevo (2008), riwaya ya Mkanada Steven Galloway, inalizua swali hilo waziwazi. Msingi wake ni tukio la kweli. Tarehe 27 Mei 1992, Sarajevo ikiwa imezingirwa, makombora yaliwaua watu waliopanga foleni ya mkate. Mwanamuziki Vedran Smailović akatoka na selo yake, akaipiga hadharani.

Hata hivyo, mpiga selo siye anayebeba uzito wa riwaya. Uzito huo umo kwa Kenan, baba anayevuka mji kwenda kuteka maji kwenye kiwanda cha bia, huku akibeba pia chupa za jirani mzee asiye na shukrani. Nazo chupa hizo hazina vishikio. Hapa ndipo ufundi wa Galloway unapodhihirika, wala si katika sehemu za muziki, ambazo mara nyingine hulainika mno. Ukosefu wa vishikio unatosha kuonyesha jinsi vita vinavyoigeuza fadhila ndogo kuwa jambo la kufa na kupona. Muziki haumpunguzii Kenan mzigo. Unamkumbusha tu kwamba mji huo ulikuwa wa watu kabla ya kuwa shabaha.

Naye Dragan, mfanyakazi wa kiwanda cha mikate, anaiburuta maiti kutoka barabarani ili mpiga picha asiinase. Anakataa kifo cha mwenzake kigeuzwe tamasha. Msimamo huo unairudia riwaya yenyewe, kwani mwaka 2008 Smailović alilalamika hadharani kwamba kisa chake kimetumiwa bila idhini yake, akadai fidia. Riwayani mpiga selo hana jina, na hupiga kwa siku 22, siku moja kwa kila aliyeuawa. Smailović alisema hakufuata utaratibu huo, bali alipiga mahali pengi na kwa muda mrefu. Kubuni ni haki ya msanii, na pasipo haki hiyo riwaya ya kihistoria haipo. Lakini kumvua mtu jina si kumwacha huru, hasa pale ambapo kila msomaji anamtambua.

Mdunguaji Arrow analitamka jina lake halisi, Alisa, wauaji wanapomjia, na riwaya inalihesabu tamko hilo kuwa wokovu wake. Mpiga selo hakupewa nafasi hiyo.