Mpapaseni Kuku Kabla ya Kushika Chupa ya Dawa

Wanangu, hili nimelisema barazani, nimelisema nje ya msikiti baada ya alasiri, nimelisema hata arusini, na bado naletewa kuku waliokwisha kuharibiwa. Leo nalisema kwa kirefu. Mnivumilie, maana pumzi zangu si zile za zamani na sitaweza kwenda mlango hadi mlango. Nasema na ninyi mnaofuga kuku wachache nyuma ya nyumba hapa Tanga. Wenye mabanda makubwa wana madaktari wao.

Kuku hana meno. Anachodonoa hushukia kwanza kwenye gole, ule mfuko ulio chini ya shingo, kidogo upande wa kulia wa kifua. Humo chakula hulowa, kisha huteremka kidogo kidogo hadi kwenye firigisi, ambako vijiwe alivyovimeza humsagia. Jioni gole la kuku mzima hujaa, na ndivyo linavyotakiwa, kwa sababu hiyo ni akiba yake ya usiku. Alfajiri huwa tupu. Kwa hiyo anayenijia magharibi akisema, "Babu, kuku wangu ana uvimbe kifuani," humrudisha nyumbani akalale. Aamke kabla jua halijatoka, aingie bandani kabla hajamwaga hata punje moja, amkamate kuku wake polepole, ampapase. Gole likiwa limenywea, kuku ni mzima, jana alishiba tu. Likiwa bado limejaa, basi tuzungumze.

Wengi wenu usiku huo mmoja hamuuwezi. Mnataka kitu cha kumnywesha papo hapo, na hapo ndipo kuku wanapokufa.

Mkono ukizoea huona. Gole likiwa gumu, au likibonyea na kubaki na shimo la kidole, limekwama: ndani mna majani marefu yaliyosokotana, au pumba kavu zilizovimba baada ya kuku kunywa maji, au nyuzi. Likiwa laini, maji yakitembea chini ya vidole, na mdomo ukitoa harufu ya togwa iliyopitiliza, limechacha. Anayelichachusha ni kuvu wa jamii ya hamira, jina lake la kitaalamu Candida albicans. Kuvu huyo huishi ndani ya kuku siku zote bila kumdhuru, lakini chakula kikisimama goleni, katika joto la mwili wa kuku ambalo hufika nyuzi 41, huzaana kupita kiasi. Ndiyo maana gole lililokwama siku kadhaa mara nyingi huishia kuchacha. Lipo pia gole lililolegea likaning'inia, ambalo misuli yake imechoka. La namna hiyo ni nadra kurudi lilivyokuwa, na mwenye kuku wa hivyo hana budi kumlisha kidogo kidogo.

Lakini kabla ya kushughulika na gole, mtazameni kuku mwili wote, na wenzake pia. Gole kujaa maji laweza kuwa dalili tu ya ugonjwa ulio kwingine. Mkiona kinyesi cha kijani, shingo imepinda, kuku anahema mdomo wazi, na wa pili na wa tatu wameanza kuzubaa, huo ni mdondo, na kukanda gole hakutasaidia kitu. Mdondo hauna tiba. Una chanjo, ile ya I-2, tone moja jichoni, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na hupewa kuku walio wazima. Ugonjwa wa Mareki nao hupoozesha mishipa ya fahamu, gole likashindwa kusukuma chakula. Mtu anaweza kukanda wiki nzima kuku wa hivyo asipate chochote ila kumtesa.

Sasa tuseme kuku ni mmoja, wenzake wako sawa, na gole lake limekwama. Mtengeni mahali pa kivuli, asione chakula cha wenzake. Mnyimeni chakula kwa saa 12, zisizidi 24. Maji msimnyime hata kidogo. Mmesoma chuoni habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia bila chakula wala maji. Na huyu mmemfungia ninyi, hawezi kwenda kujitafutia. Kisha chukueni mafuta ya kupikia, ya alizeti au ya nazi, nusu kijiko cha chai kwa kuku mdogo wa kienyeji, kijiko kizima kwa kuku mkubwa. Yadondosheni tone kwa tone ubavuni mwa mdomo, kila tone mngoje alimeze. Tundu la pumzi la kuku liko nyuma tu ya ulimi. Ukimimina kwa pupa mafuta huingia mapafuni, naye hufa akiwa mikononi mwako. Halafu kandeni gole kwa vidole, kwa kuzungusha, kama dakika tano, mara tatu au nne kwa siku. Msikande kwenda juu. Mnachotaka ni kulifumua lile donge ili lishuke lenyewe. Kesho yake alfajiri papaseni tena. Likianza kupungua, mpeni chakula laini kidogo kidogo: chakula cha unga cha kuku wa mayai kilicholowekwa, au yai la kuchemsha lililopondwa. Punje nzima za mahindi zingoje mpaka mkute gole tupu asubuhi kadhaa mfululizo.

Na sasa hili la kumning'iniza kuku kichwa chini na kumkamua gole ili atapike. Nani aliwafundisha? Nalikuta kila mtaa, vijana wawili, mmoja kashika miguu na mwingine anabinya kifua, na wote wanaamini wanamsaidia. Kuku hakuumbiwa kutapika. Yale maji machachu ya goleni yakifika kooni na yeye anahangaika kuvuta pumzi, huvuta maji. Daktari wa mifugo anaweza kulitoa lililomo goleni, kwa mpira na kwa mkono uliofundishwa. Ninyi hamna mpira wala mafunzo, mna huruma na haraka. Huruma bakini nayo, hiyo haraka iacheni, nawaomba.

Dawa za dukani nazo zinanichosha. Gole limechacha, mtu anakimbilia antibiotiki, ile ya unga wa njano, anaitia kwenye maji ya banda zima. Antibiotiki huua bakteria. Kuvu haimgusi, tena inamwondolea wapinzani wake tumboni, akastawi zaidi. Na mayai ya siku hizo yote hupelekwa genge, watoto wa watu wakayala na dawa yake. Mwingine humpa kuku maji ya glukosi ili apate nguvu, au mkate uliolowekwa kwenye chai, na utamu ndio chakula cha yule kuvu. Kuku wa gole lililochacha anyimwe chakula kama yule wa gole lililokwama, apewe maji safi yanayobadilishwa mara kwa mara, na dawa yake ni ya kuvu, kama nistatini, ambayo kipimo chake mtaambiwa na daktari wa mifugo. Mafuta ya taa, sabuni na maji ya pilipili havitibu gole. Huunguza koo ambalo tayari lina vidonda.

Kuhusu wembe nasema kwa ufupi, kwa kuwa kulieleza kunaniuma. Nimemwona kuku aliyepasuliwa gole mezani jikoni, bila ganzi, akashonwa kwa uzi wa nguo, ngozi na gole vikashikwa pamoja katika mshono mmoja. Daktari hutia ganzi, na hushona gole peke yake na ngozi peke yake. Msimpasue kuku nyumbani.

Mambo haya mengi yangeweza kuzuiwa uani. Kuku anayeshinda ndani ya banda hapati vijiwe vya kumsagia, basi mwekeeni chombo cha mchanga mnene na kokoto ndogo ndogo, achague mwenyewe. Hapa pwani mtu huniambia, "Babu, mie nawapa makombe yaliyopondwa." Makombe ni mazuri kwa ganda la yai, lakini huyeyuka tumboni, kazi ya jiwe hayaifanyi. Majani yakateni mafupi, yasizidi kiungo cha kidole. Msiwaache na njaa mchana kutwa kisha jioni mkawamwagia pumba kavu, kwani kuku mwenye njaa hubugia. Na uwanja ufagieni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini nyuzi za viroba zingalipo, nyuzi za katani zipo, na nyumba zenye kusukia nywele zina vipande vya rasta kila pembe. Kuku huona mnyoo, humeza.

Mkifanya yote haya na siku ya pili ikaisha gole halijapungua, undu umekuwa wa zambarau, kuku kajikunyata hataki kusimama, mpelekeni kwa daktari siku hiyo hiyo. Kama daktari yuko mbali au fedha hakuna, msimwache afe kwa njaa pembeni ya banda siku nne, tano. Mchinjeni kwa kisu kikali. Aliyekwisha kunyweshwa dawa msimle, mfukieni. Lakini kabla ya kumfukia, kama hana dalili za mdondo, lipasueni lile gole mtazame kilichomo, na watoto wanaofagia uwanja waiteni waone, wajue ni kitu gani cha kuokota kesho asubuhi kabla banda halijafunguliwa.