Kodi ya Kitanda na Haki ya Mgeni



Imetufikia barua kutoka Ogwedhi, mji mdogo wa soko ulioko upande wa Migori, karibu na mpaka wa Narok, wakutanapo Wajaluo, Wakuria na Wamasai. Mwenye kuiandika ni kijana Mwislamu. Alishuka pwani kwa shughuli zake, akalala siku nne katika nyumba ya wageni ya bei rahisi katika mmoja wa miji yetu ya bahari: kitanda kimoja ndani ya chumba cha watu sita, chandarua, na ndoo ya maji ya kuogea. Asema mwenye nyumba alimpokea kwa uso mkunjufu, akamwonyesha msikiti, na usiku aliposhikwa na homa alimletea uji, wala hakuutia katika hesabu. Swali lake ni hili: mtu yule, aliyepokea pesa zake, ana thawabu ya kumkirimu mgeni, au amekwisha lipwa?

Wako katika darsa yetu waliojibu upesi kwamba amekwisha lipwa. Twaona wamekosea. Kukodisha kitanda ni ijara, na ijara ni halali. Apokeaye kodi hakutenda dhambi, wala kwa kodi hiyo hakutenda ihsani. Lakini pesa zile zilinunua kitanda, chandarua na maji. Uji haukununuliwa. Wala haikununuliwa kazi ya kuamka usiku wa manane kwa ajili ya mtu ambaye, lau angaliachwa na homa yake hata asubuhi, angalilipa kodi ile ile.

Biashara na ukarimu si maadui katika pwani hii. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliwaona vijana wakiiendea merikebu kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akimpa mfanyabiashara mmoja na kumtaja kuwa ni mgeni wake. Mgeni alifikia nyumbani kwa mwenyeji huyo, naye mwenyeji ndiye aliyemwuzia bidhaa zake na kumnunulia alizozitaka. Faida ilikuwamo, hatusemi haikuwamo. Hata hivyo sahani ilitangulia.

Basi swali la ndugu yetu tumelijibu. Lililotushughulisha zaidi ni neno alilolipitisha katikati ya barua, pengine kwa adabu tu: kwamba siku zote nne alisali jamaa katika msikiti ule, akapeana mikono na watu wa kulia na wa kushoto, wala hapana aliyemwuliza amefikia wapi. Nasi tulio wepesi wa kumhukumu mwenye gesti, tulikuwa wapi? Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa haki ya mgeni ni siku tatu, na yanayozidi ni sadaka, akamkataza na mgeni asikae hata akamtia mwenyeji wake dhikini. Qur'ani imewahesabu wasafiri walioharibikiwa miongoni mwa makundi manane yenye fungu katika zaka. Na katika Suratul Kahf imo khabari ya watu wa mji waliokataa kuwakaribisha Nabii Musa na mwenziwe; naye mwenziwe akausimamisha ukuta wao uliotaka kuanguka, bila ya ujira, hata Musa akasema angaliweza kuutaka. Sura hiyo wengi wetu twaisoma kila Ijumaa. Twaisoma kana kwamba mji ule uko mbali.

Tutaambiwa kuwa nyumba zimekuwa ndogo, maisha ni ghali, na si kila mgeni ni mwaminifu. Yote ni kweli, na mtu hakalifishwi asiloliweza. Lakini kumwuliza mwenzio amefikia wapi hakuhitaji chumba. Asiye na nafasi aweza kumpeleka mgeni kwenye kitanda cha bei rahisi, na akimwona hana, amlipie usiku mmoja.

Ndugu wa Ogwedhi atarudi pwani inshaallah baada ya mavuno. Atutaka tumwulizie kama kitanda kile chapatikana bado. Khabari za nyumba zetu hakuuliza.