Mwana wa Daudi kwa Mkono wa Yusufu

Ukoo wa Yesu, Masihi, unapitia kwa mwanamume ambaye hakumzaa. Mathayo anataja baba na mwana, baba na mwana, tangu Ibrahimu hadi Daudi, hadi uhamisho wa Babeli. Akifika kwa Yusufu mnyororo wa damu unakatika, na Yusufu anatajwa kuwa mume wa Mariamu, basi. Lakini Yusufu ni wa nyumba ya Daudi, na ndiye aliyempa mtoto jina, kazi ya baba. Kwa kumpokea hivyo, seremala huyu alimwingiza katika ukoo wa kifalme. Ndiyo maana vipofu wawili nje ya Yeriko walipompigia Yesu kelele wakimwita Mwana wa Daudi, alisimama akawaitikia.